Aliyenianzishia Kilio

Kwetu ushuhuda una mwendo wake. Unasimama mbele ya kanisa, unasema Bwana asifiwe, unaeleza ulivyokuwa umezama, unaeleza ulivyoomba, kisha unafika pale Mungu alipojibu, na akina mama wanapiga vigelegele kabla hujamaliza sentensi. Nimezisikia shuhuda za namna hiyo tangu utotoni hapa Rungwe, na nyingi ninaziamini. Wa kwangu hauna pa kupigia vigelegele. Mwanangu wa kwanza alikufa, hakufufuka, wala hakunijia ndotoni kuniambia yuko salama. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba nilipoteza sauti nikaipata, na kwamba njia ya kuipata ilipita kwenye neno la Kiebrania ambalo sikuwahi kulisikia mpaka nimeota mvi.

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Mshahara wangu unatoka shule ya msingi, lakini ukiuliza njiani ni wapi anakaa mwalimu wa kwaya, ndiyo utaonyeshwa nyumba yangu. Kwaya yetu huimba arusini, Krismasi na Pasaka, ila kazi yake kubwa ni misiba. Nimezika nusu ya kijiji kwa mdomo huu. Ninajua wimbo unaofaa jeneza likitoka ndani, unaofaa udongo wa kwanza ukidondoka, na unaofaa pale binti wa marehemu anapotaka kujitupa kaburini na wajomba wamemshika mikono. Hapo unapandisha wimbo, unaharakisha kidogo, ili kilio kimezwe. Nilijisifia sana ujuzi huo.

Mwanangu alikuwa anaendesha bodaboda ya mkataba. Tajiri ananunua pikipiki, kijana anaiendesha, kila jioni anapeleka hesabu, na mkataba ukiisha pikipiki inakuwa mali yake. Alikuwa amebakiza miezi michache. Alfajiri moja ya masika, ukungu umeshuka mpaka kwenye lami kama unavyoshuka huku kwetu, alikuwa anateremka barabara ya kwenda Kasumulu, mpakani na Malawi. Lori lilikuwa limeharibika njiani, halina taa. Kawaida dereva hukata matawi akayatandaza nyuma ya gari lake, ili anayekuja aone majani kabla hajaona chuma. Siku hiyo hapakuwa na tawi hata moja. Abiria wake alivunjika mguu. Yeye hakufika hospitali.

Msiba ukaja na watu wake. Turubai, viti vya kukodi, masufuria ya kanisa, wanaume nje wamezunguka moto, wanawake ndani kwenye mikeka wamenyoosha miguu. Kila aliyeingia aliniambia nijikaze. Mwalimu, jikaze. Kazi ya Mungu haina makosa. Mungu amempenda zaidi. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye ninamheshimu mpaka leo, aliniinamia sikioni akasema nisilie sana kwa sababu wanakwaya wananitazama mimi. Nikajikaza. Kwaya ikaimba makaburini, ikaimba vizuri, besi zikanguruma hasa, na mimi niliyeifundisha nimesimama pembeni. Sikugoma kuimba. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu.

Tanga likaanuliwa, viti vikarudi kwa mwenyewe, ndugu wa Mbeya wakapanda basi. Ndipo tajiri wa pikipiki akaja. Alikunywa chai, akatoa pole, akatoa daftari. Simlaumu, pikipiki ilikuwa imebaki chuma chakavu na yeye ana watoto wa kulisha. Sehemu ya rambirambi ikaenda huko. Lililonikata maini ni daftari lenyewe. Kila jioni ilikuwa na mstari wake: tarehe, kiasi, sahihi ya mwanangu. Hajaruka hata siku moja, na zile siku ambazo hesabu haikutimia ameandika kando, kwa mwandiko wake wa kulala, "kesho nitafidia". Na kesho yake amefidia. Kisha ukurasa unafika mahali unabaki mweupe, imebaki mistari yake tu ya kiwandani.

Jambo la pili lilikuwa jina. Kwetu mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na mimi nilikuwa nimeitwa kwa jina la yule kijana tangu ana siku chache. Baada ya msiba watu wakaanza kulikwepa. Nikawa "mama mwalimu", nikawa "dada", nikawa "wewe mama". Sokoni muuza ndizi alianza kusema "Mama," akasita, akaokoteza salamu nyingine. Walifanya hivyo kwa huruma, najua. Lakini jina lake lilikuwa limezikwa mara mbili, na mimi nikawa natembea sina la kuitikia.

Kanisani niliendelea kwenda. Kwaya nikaifundisha kwa kinanda na kwa mikono, msichana wa sauti ya kwanza akawa ndiye mwanzishaji. Kuomba nako kukakauka. Nilikuwa ninapiga magoti na kuhesabu mbao za dari.

Jirani yetu ni mchungaji mstaafu. Ujanani alipelekwa kusomea theolojia, akasoma na Kiebrania, na kitu hicho hakijamtoka. Ana Biblia ya Kiebrania ambayo jalada lake amelitia gundi na kitambaa mara nyingi mpaka limekuwa nene kuliko kitabu. Alikuja jioni, peke yake, watu wa pole wakiwa wameshakwisha.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Hujala. Lakini si hilo lililonileta. Lete Biblia yako, fungua Samweli wa Pili, sura ya kwanza."

Nikasoma pale Daudi anapowaombolezea Sauli na Yonathani, waliokufa mlima Gilboa. Akanisimamisha kabla sijaingia kwenye ombolezo lenyewe. Hapo tunaposoma Daudi aliomboleza kwa ombolezo, akasema, Kiebrania kina mzizi mmoja unaobeba kitendo na jina, na jina hilo ni qina. Alilichora kwenye karatasi kutoka kulia kwenda kushoto, herufi nne. Mkazo wanautia mwishoni, ki-NA, si kama sisi. Mimi mwalimu wa Kiswahili nikasema hapohapo kwamba kina tunacho: kina cha maji, na vina vya shairi. Akacheka. "Hawajuani hata kwa mbali, mwanangu. Wamekutana njiani tu." Ndiyo maana hapa ninaliandika kwa q, lisije likazama kwenye kina chetu.

Qina, akanieleza, si kulia. Kulia kwa machozi kuna neno lake. Kujipiga kifua na kupiga yowe kuna neno lake. Kukaa katika hali ya kufiwa kuna neno lake. Qina ni kitu kilichotungwa. Ni wimbo wa msiba wenye maneno yaliyopangwa, unaoweza kufundishwa, kuandikwa na kurudiwa. Daudi mwenyewe, kabla ya kuimba, aliagiza watu wa Yuda wafundishwe wimbo ule. Nani anafundisha watu kilio? Na Yeremia alipomwombolezea mfalme Yosia, aliyeuawa Megido mwaka 609 K.K. na jeshi la Farao Neko, kitabu cha Nyakati kinasema waimbaji wa kiume na wa kike waliendelea kumwimba Yosia katika qina zao, ikawa desturi katika Israeli.

Jambo moja nililiona mwenyewe, hakunionyesha yeye. Katika wimbo ule wote wa Daudi juu ya Sauli na Yonathani, Mungu hatajwi. Hatajwi kabisa. Hakuna paradiso, hakuna tutaonana, hakuna kazi ya Mungu haina makosa. Kuna milima, ngao, upinde, upanga, mavazi ambayo Sauli aliwavika mabinti wa Israeli, na rafiki aliyependwa. Nikamwambia Baba Mchungaji, hii ingesomwa kwetu kwenye ibada ya mazishi wazee wangesema imepungukiwa. Akasema, "Na iko kwenye Biblia yao."

Aliporudi tena alinipeleka kwa Yeremia, sura ya tisa. Mji unakaribia kuangamia, na nabii anasema waitwe wanawake wa kuomboleza, waitwe mafundi wao, waje haraka. Kwa Kiebrania wanawake hao jina lao limetoka kwenye qina ileile: ni wanawake wenye kufanya qina, kama mtu anavyoitwa mfinyanzi au mshonaji. Kisha, mstari wa ishirini, wanaagizwa wafundishe. Binti yako umfundishe kuomboleza kwa sauti, na jirani yako umfundishe qina. Nilirudia mstari ule nikatafuta mfiwa yuko wapi. Hayumo. Hakuna anayemwambia mfiwa atunge. Mwenye msiba anakaa. Anayefungua mdomo ni jirani.

Baba Mchungaji akaniongezea jambo kutoka Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi uliokamilishwa kama mwaka 200 B.K. Marabi wale, watu wa kupenda kupanga mambo, walitofautisha namna za kuomboleza: kuna ile ambayo wanawake wote wanaimba kwa pamoja, na kuna qina, ambayo mmoja anasema na wengine wote wanaitikia baada yake. Na rabi Yehuda aliweka kima cha chini: hata aliye maskini kuliko wote katika Israeli, akifiwa na mke, asipungukiwe na filimbi mbili na mwombolezaji mmoja wa kike. Sisi kamati za mazishi tunabishana juu ya turubai na soda. Wao waliweka kwenye bajeti mtu wa kuanzisha kilio.

Mmoja anasema, wengine wanaitikia. Mwalimu wa kwaya haelezwi mara mbili.

Ilinijia usiku, nikiwa macho kama kawaida, nikakifungua tena kitabu cha Samweli wa Pili na kusonga mbele. Daudi ndiye fundi wa qina. Aliwatungia Sauli na Yonathani. Sura ya tatu anamtungia Abneri, jemadari aliyeuawa kwa hila, qina fupi ya mistari miwili mitatu, imeuliza swali na kulijibu. Sura ya kumi na nane anafiwa na mwanawe Absalomu, aliyemwasi. Hapo hakuna qina. Neno halipo. Fundi anapanda chumba cha juu ya lango, na njiani anasema mwanangu, anasema jina, anasema mwanangu. Nilihesabu kwa kidole: katika mstari ule mmoja "mwanangu" limo mara tano na jina la kijana limo mara tatu. Katikati yake kuna hamu tu ya kufa badala yake. Mtu aliyewatungia maadui na marafiki hakuweza kumtungia mtoto wake.

Na hakuna aliyemtungia. Watu waliingia mjini kwa kunyata kama walioaibika vitani. Yoabu, jemadari wa Daudi, ambaye ndiye aliyemchoma Absalomu, akaja kumwambia mfalme ajikaze, atoke nje, jeshi linamtazama. Niliifunga Biblia nikamfikiria yule mzee aliyeninong'oneza msibani. Yoabu alikuwa na hoja. Ufalme ulikuwa unayumba kweli. Daudi akainuka, akaketi langoni, watu wakapita mbele yake. Hatusomi kwamba alimaliza kulia. Lile neno lake, "mwanangu", limebaki pale kama kiitikio kisicho na mwanzishaji.

Asubuhi nilivuka kwenda kwa jirani yangu kabla hajapiga mswaki, nikamwambia hilo. Alinyamaza kitambo. Akasema, "Basi tafuta mtu akuanzishie."

Katika kwaya yetu yuko bibi mmoja wa sauti ya pili. Ni mjane wa miaka mingi, hajui noti, hajui kusoma vizuri, na sikio lake ni kali kuliko langu. Bibi huyo ndiye wa mwisho ninayemfahamu kwetu aliyesikia walizi wa zamani wakifanya kazi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao: alikuwa akiingia kwenye nyumba ya msiba anaanza kusema na marehemu moja kwa moja, anamuuliza mbona ameacha jembe limeegemea mgomba, anamwambia nani sasa atamfokea mwanawe mlevi, na wanawake wanamjibu. Wamishonari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, wakatuletea nyimbo zao, tukazipenda, tukazifanya zetu. Hakuna aliyesimama siku moja akapiga marufuku walizi, si kwa ninavyojua mimi. Tuliona haya tu. Kilio cha maneno kikawa cha kina bibi, kisha kikawa cha kijijini sana, kisha kikawa hakipo.

Nilimwendea yule Bibi wa kwaya nikamweleza habari za Yeremia. Hakushangaa hata kidogo. Alichouliza ni kama wanawake hao wa Kiyahudi walikuwa wanalipwa. Nikamwambia nadhani walilipwa. Akasema, "Vizuri. Mimi niletee sukari."

Wakaja jioni, wanawake wa kwaya wasiozidi vidole vya mikono, wakakaa kwenye mkeka. Mayahudi nao hukaa chini usiku wa tarehe tisa ya mwezi wa Av, wanaposoma kitabu cha Maombolezo kukumbuka kubomolewa kwa Hekalu, mara ya kwanza na mara ya pili. Baba Mchungaji alikuwa ameniambia. Alikuwa pia amenifundisha mwendo. Mwaka 1882 msomi wa Kijerumani, Karl Budde, aliandika kwamba mashairi mengi ya kuomboleza katika Kiebrania yanatembea kwa mguu mbovu: nusu ya kwanza ya mstari ina mapigo matatu, ya pili ina mawili. Sikio linangoja pigo la tatu, haliji. Wasomi wanabishana kama ni kanuni au ni mazoea, na si qina zote zinaufuata. Mimi nilijaribu mwendo huo kwa kugonga meza na nikaelewa zaidi ya nilivyoelewa kwa maelezo. Nikampigia Bibi: tatu, mbili. Tatu, mbili. Akasema hiyo anaijua, ndivyo anavyotembea mtu anayetoka makaburini.

Sikutunga hata neno moja. Niliwapa daftari la tajiri, alilokuwa ameniachia, na nikajibu walichoniuliza. Walitaka kujua mambo ya ajabuajabu: honi yake ilikuwa inaliaje, kofia yake ya pikipiki ilikuwa ya rangi gani, alikuwa anakula nini akirudi usiku. Bibi akaanza, kwa Kinyakyusa kwanza, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya mama mmoja mgeni. Kipande cha Kiswahili kilikuwa hivi:

Hesabu alipeleka jioni, kila jioni.
Jioni hii hesabu nani apeleke?
Honi tuliijua konani, penye parachichi.
Parachichi limezaa tena, honi kimya.

Na kila baada ya mstari wote waliitikia jina lake. Jina tupu, lile ambalo kijiji kizima kilikuwa kinalikwepa. Mara ya kwanza nilishtuka kama nimepigwa. Mara ya pili nilitamani waache. Sijui ilikuwa mara ya ngapi nilipojikuta ninaitikia pamoja nao, na nilichoitikia si jina, ni "mwanangu". Sauti ilikuwa mbaya. Ilitoka imepasuka, chini kabisa ya sauti yangu ya kawaida, na ilipotoka haikukubali kurudi. Nililia mpaka wanangu wengine wakaja mlangoni. Hakuna aliyeniambia nijikaze. Bibi hakunitazama hata. Alikuwa na kazi, mstari unaofuata ulikuwa unamngoja.

Siku zile nilikisoma kitabu cha Maombolezo chote kwa mara ya kwanza maishani. Nasema chote kwa sababu mahubiri yetu yanakijua kwa mistari miwili ya sura ya tatu, ile ya huruma zilizo mpya kila asubuhi. Ni mistari mizuri na ninaishi kwayo. Lakini iko katikati ya kitabu, si mwisho wake. Baada yake kilio kinarudi, watoto wanaomba mkate, wakuu wanatundikwa kwa mikono, na kitabu kinaisha kwa shaka kali kiasi kwamba Mayahudi wakifika hapo huurudia mstari ulio kabla ya wa mwisho ili wasifunge na ule. Mungu hasemi katika kitabu chote. Sura ya kwanza inarudia mara tano kwamba mji hauna wa kuufariji. Waandishi wa kale walikiita kitabu hicho Qina, kwa wingi wake wa Kiebrania, na ajabu ni kwamba neno qina lenyewe halimo ndani hata mara moja. Kwenye Biblia ya Kiebrania kinaitwa kwa neno lake la kwanza, ambalo ni mshangao tu: jinsi gani!

Lililonigusa zaidi ni ufundi. Yerusalemu imeteketezwa na Wababeli, mwaka wa 587 au 586 K.K., watu wamepatwa na majanga, na mtu amekaa akapanga kilio chake kwa alfabeti. Sura ya kwanza, ya pili na ya nne zina beti ishirini na mbili, kila ubeti unaanza na herufi yake, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Ya tatu imezidisha: mistari mitatu kwa kila herufi, sitini na sita. Ya tano ina ishirini na mbili vilevile, lakini alfabeti imeachwa, kama mtu aliyechoka. Zamani ningesema huyo hakuwa na uchungu wa kweli, mwenye uchungu hawezi kuhesabu herufi. Sasa ninasema kinyume. Daftari la mwanangu lilikuwa na mistari, na mistari ndiyo iliyonishikilia.

Habari zikafika baraza la wazee wa kanisa, kama zinavyofika. Tukaitwa, Bibi na mimi. Swali lilikuwa halali: je, hii si mila tuliyoiacha? Kusema na marehemu si kuabudu mizimu? Nilikuwa nimejiandaa na Yeremia yangu. Baba Mchungaji, aliyealikwa kwa heshima ya uzee wake, aliwasomea Amosi sura ya tano. Nabii anaimba qina, neno lenyewe limetajwa hapo, na marehemu anayeimbiwa ni taifa la Israeli, ambalo wakati huo lilikuwa linakula na kunywa na kujenga nyumba za mawe, miongo kadhaa kabla ya Samaria kuanguka mwaka 722 K.K. "Huyu aliwaimbia msiba watu walio hai, na hamkumwita mchawi," akasema. "Hawa wanamwimbia mtoto aliyekufa kweli." Sidhani hoja hiyo ilijibu swali lililoulizwa, ila iliwachekesha, na kikao kikalegea. Tukakubaliana: qina isiingie kwenye ibada ya mazishi, iimbwe nyumbani, jioni za tanga, na asiitwe marehemu aje wala asiombwe kitu. Niliona ni haki. Kumuuliza jembe umemwachia nani si kumwomba mvua.

Yule mzee aliyeninong'oneza alikuwepo, akapiga kura ya ndiyo.

Sasa tunaitwa. Si kila msiba. Wengine hawataki, na hatujipeleki. Wasichana wawili wa kwaya wamejifunza kwa Bibi, mmoja anaweza kuanzisha peke yake. Tumejiwekea masharti machache. Hatutungi kabla ya kuuliza. Hatuweki mstari ambao familia haiwezi kuuthibitisha. Hatumalizi kwa kumfariji mtu kwa nguvu. Mchungaji ana zamu yake kesho yake, na nyimbo zetu za zamani bado tunaziimba makaburini, nami ninaziimba. Jina linatajwa. Na mwenye msiba halazimishwi kuitikia.

Kwangu mimi jioni bado ni ngumu, saa ya hesabu. Muuza ndizi sasa ananiita kwa jina la mwanangu, nilimwomba mwenyewe. Kuomba kumerudi kwa namna ambayo nisingeweza kuieleza mbele ya kanisa: sehemu kubwa ni maswali, na mara nyingine ninagonga meza, tatu, mbili.

Msiba wa mwisho tulioitwa ulikuwa wa mzee mmoja wa ng'ambo ya mto. Watoto wake, watu wa mjini, walitaka tuimbe ukarimu wake, na kweli alikuwa mkarimu. Wasichana wakauliza na mengine, majirani wakasema alikuwa mkali wa mipaka, ameshtaki watu watatu kwa ajili ya mfereji. Mtoto mkubwa akasema hilo liachwe, si la kutajwa mbele ya wageni. Tukaliacha. Tukaimba ng'ombe wake, kahawa yake, wajukuu aliowasomesha. Tulipofika katikati mjane akainua mkono kutoka kwenye mkeka, akanyamazisha wote.

"Mwekeni na mfereji wake," akasema. "Huyo mnayemwimba mimi sikuolewa naye."

Msichana akanitazama. Nikamwashiria kwa kichwa, akaanza upya.